Taa Isipowaka kwa Saa Yake: Ichunguzwe Saa Kabla ya Kushukiwa Mtu

Kuna shutuma ambayo huanza na taa na kuishia kwa mtu. Mwenye nyumba wa Kamembe au Mururu ameweka taa ya nje inayojiwasha yenyewe jioni na kujizima alfajiri, kisha akavuka mpaka kwenda Bukavu kwa shughuli zake za siku mbili. Arudipo, jirani anamweleza kwamba ua ulikuwa giza tangu magharibi hadi saa mbili usiku. Kwa kuwa wengi huamini kwamba mashine haiwezi kudanganya, kidole hunyooshwa mara moja kwa mlinzi wa usiku, ambaye hapa kwetu tumezoea kumwita zamu. Ni yeye aliyezima, na kama alizima basi alikuwa na sababu, na sababu hiyo haiwezi kuwa njema. Mtu hupoteza kibarua chake. Na ikitokea kwamba usiku huohuo kitu kiliibwa, taa hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Ukweli ni kwamba vifaa hivi hukosea, tena hukosea kwa utaratibu unaoweza kusomwa na mtu yeyote mwenye daftari, kalamu na subira ya siku chache. Makala haya yanaeleza namna ya kuusoma utaratibu huo, ili mwenye nyumba aweze kutengeneza kilichoharibika, na ili asiyehusika asibebeshwe kosa la saa.

Tunaposema taa inayojiwasha, tunakusanya pamoja vifaa visivyofanana. Kipo kile cha duara kinachochomekwa kwenye soketi, chenye kisahani kinachozunguka taratibu mara moja kwa siku na vipini vidogo kandokando yake. Mafundi na wauzaji hukiita taima. Ipo taima ya namba, yenye kioo kidogo na betri ndani. Ipo fotoseli, ambayo haijui saa kabisa bali huhisi mwanga wa mchana. Na siku hizi zipo swichi, soketi na balbu zinazoamriwa kwa programu ya simu kupitia mtandao wa nyumbani. Kila kimoja kina ugonjwa wake, lakini uchunguzi wa kwanza ni mmoja kwa vyote vyenye saa: kabla ya kugusa chochote, linganisha saa inayoonyeshwa na kifaa chenyewe na saa ya simu yako. Saa ya kifaa ikiwa sahihi na taa inawaka wakati usiofaa, basi kosa limo katika namba ulizoandika. Saa ya kifaa ikiwa si sahihi, namba zako zaweza kuwa hazina hatia yoyote.

Tuanze na kosa ambalo ni letu sisi watu wa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa maana lugha zote mbili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Hapa karibu na ikweta hesabu hiyo ina akili sana, kwa kuwa jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Lakini kiwanda kilichotengeneza taima hakihesabu hivyo. Mtu anataka taa iwake saa moja jioni, anaandika 1:00. Anataka izimike saa kumi na moja alfajiri, anaandika 11:00. Kifaa kinatii bila kuuliza: taa inawaka saa saba za usiku na kuzimika saa tano asubuhi. Ua unakaa giza saa sita nzima, na asubuhi taa inang'aa juani huku kila mpita njia akijua kwamba hakuna mtu nyumbani wa kuizima. Namba zilizopaswa kuandikwa ni 19:00 na 05:00. Kanuni ni nyepesi: kwa saa za mchana ongeza sita juu ya hesabu yetu, hivyo saa mbili asubuhi ni 8:00, kwa saa za jioni na za usiku kabla ya usiku wa manane ongeza kumi na nane, hivyo saa moja jioni ni 19:00 na saa tatu usiku ni 21:00. Ukishapita usiku wa manane, ambao ni 00:00, ondoa sita, hivyo saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Majirani zetu wengi wa ng'ambo ya mto hutaja saa kwa Kifaransa, na katika familia zenye watu wa pande zote mbili ni vema mtu mmoja tu apewe kazi ya kupanga taima. Vinginevyo kila mmoja atarekebisha kosa la mwenzake na kuliongeza.

Tofauti ya saa sita, hata hivyo, ina mzazi wa pili. Vifaa vingi vinavyouzwa madukani mwetu vimetengenezwa China, na vingine hufika vikiwa bado na saa ya Beijing, ambayo imetangulia ya Kigali kwa saa sita kamili. Kifaa cha namna hiyo kilichoamriwa kuwaka saa 18:00 kitawaka adhuhuri yetu. Ndiyo sababu tumesisitiza uchunguzi wa kwanza. Makosa haya mawili yanafanana machoni, na kinachoyatenganisha ni saa iliyomo kwenye kioo cha kifaa au katika programu yake.

Tofauti ya saa moja kamili ni alama ya mpaka. Rwanda, Burundi na Kongo ya Mashariki hutumia saa moja, lakini Tanzania, Kenya na Uganda zimetutangulia kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Soketi iliyopangwa na muuzaji wa Kampala au Dar es Salaam na kuletwa hapa bila kubadilishwa itawasha taa saa kumi na moja jioni badala ya saa kumi na mbili, jambo lisilo na madhara, lakini pia itaizima saa moja kabla ya wakati uliotarajiwa, yaani katika giza la alfajiri. Aliyechagua Kinshasa katika orodha ya miji kwa kudhani kwamba Kongo ni moja hupata kinyume chake: saa moja ya giza baada ya jua kuzama, wakati ambao watu wengi wako njiani na vurugu za kufunga maduka hazijatulia. Katika orodha hiyo chagua Kigali. Usipoiona, Bujumbura au Lubumbashi hutoa saa ileile.

Ikiwa tofauti ni saa kumi na mbili, basi asubuhi imechukuliwa kuwa jioni: alama ya AM imewekwa palipostahili PM, au kisahani kimezungushwa nusu duara. Hili halihitaji maneno mengi.

Lililo gumu zaidi, na ndilo linalozaa shutuma nyingi dhidi ya walinzi, ni kosa linalokua. Kisahani cha taima ya duara huzungushwa na mota ndogo inayokula umeme wa soketi yenyewe. Umeme ukikatika, mota husimama, na saa husimama nayo. Umeme ukirudi, kisahani huendelea pale kilipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuseme Jumatatu umeme umekatika kwa dakika 40, na Alhamisi kwa saa moja na dakika 20. Kuanzia Alhamisi hiyo taa iliyopangwa kuwaka saa kumi na mbili jioni itawaka saa mbili usiku, na iliyopangwa kuzimika saa kumi na mbili asubuhi itazimika saa mbili asubuhi. Haitajirekebisha. Itabaki hivyo mpaka mtu aizungushe kwa mkono, na kila katizo jipya litaongeza deni. Hali ni hiyohiyo salio la Cash Power linapokwisha usiku na mwenye nyumba akanunua umeme asubuhi: saa zote za katikati zimepotea.

Tazama sasa jinsi alama hii inavyomtetea mtu. Binadamu anayezima taa kwa makusudi huizima kwa muda anaoutaka, kisha huiwasha; hawezi kuchelewesha kuwaka kwake jioni na kuchelewesha kuzimika kwake asubuhi kwa kiasi kilekile, siku baada ya siku. Ukiona mambo hayo mawili yakienda pamoja, umeshampata mkosaji, naye yumo ndani ya soketi. Zamu anaposema kwamba taa "ilichelewa yenyewe" na kwamba asubuhi iliwaka hadi jua limepanda, hajitungii hadithi, bali anaeleza dalili ileile ambayo fundi angeieleza.

Mota hizo zina tabia nyingine isiyojulikana sana: hufuata mpigo wa umeme, ambao katika nchi zetu na Ulaya umewekwa kuwa mara 50 kwa sekunde. Mpigo ukishuka, saa huenda polepole. Mwaka 2018, tangu katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi, saa za aina hii katika nchi 25 za bara la Ulaya zilichelewa karibu dakika 6, na shirika la waendeshaji wa mitandao ya umeme, ENTSO-E, lilieleza kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa umeme uliotokana na mvutano wa Serbia na Kosovo. Ugomvi wa mahali pamoja ulichelewesha saa za jikoni za mamilioni ya watu wasiohusika nao. Kwetu jambo hili huonekana zaidi pale nyumba au duka linapoendeshwa kwa jenereta ndogo, ambayo mpigo wake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mzigo. Taima inayotumia jenereta usiku kucha si ya kuaminiwa kwa dakika zake.

Dawa ya taima ya duara ni kuikagua kila baada ya umeme kukatika, au kuibadilisha kwa ile ya namba yenye betri ndani. Hiyo nayo ina ukomo: betri yake ndogo huchoka baada ya miaka kadhaa, na ikishachoka, kila katizo huirudisha saa kwenye 00:00, na mara nyingine hufuta na amri zote. Kuijaribu ni rahisi. Ichomoe kwenye soketi kwa saa moja mchana, kisha uirudishe. Kama saa imepotea, betri imekwisha. Katika taima ya duara, hesabu pia vipini: vyenye 96 humaanisha kila kimoja ni dakika 15, na vyenye 48 ni nusu saa. Kipini kimoja kilichoinuka katikati ya usiku huzima taa kwa muda huohuo, kila usiku, saa ileile. Na utazame swichi ndogo ya ubavuni, ambayo ikisukumwa huipuuza saa na kuiacha taa ikiwaka daima. Watoto huipenda sana.

Vifaa vya simu vina sifa ya kuwa vya kisasa, lakini kwa maoni yangu ndivyo vinavyohitaji uangalizi mkubwa zaidi katika mazingira yetu. Swali la kuuliza ni hili: amri ya kuwasha imehifadhiwa wapi? Katika vifaa vingine imo ndani ya swichi yenyewe. Katika vingine imo katika seva ya kampuni iliyo nchi ya mbali, na kila jioni amri husafiri kupitia intaneti hadi kwenye ruta yako na kutoka hapo hadi kwenye taa. Bando likiisha, au mnara wa simu ukizimika, taa haiwaki, na mwenye nyumba aliyeko safarini anaiona katika programu ikiwa imeandikwa tu kwamba haipatikani. Kujua kifaa chako ni cha aina gani, zima ruta jioni moja kabla ya saa iliyopangwa, ukiacha umeme. Taa ikiwaka kwa wakati wake, amri imo ndani. Isipowaka, unategemea intaneti, na ulinzi wa ua wako unategemea salio.

Hata kifaa kinachohifadhi amri chenyewe chaweza kushindwa baada ya umeme kukatika. Saa yake haina betri, hivyo umeme urudipo huiuliza intaneti ni saa ngapi. Lakini swichi huamka ndani ya sekunde chache, ilhali ruta huchukua dakika moja au mbili. Swichi hutafuta mtandao ambao bado haujaamka, na baadhi hukata tamaa. Hapo kifaa kinakuwa na amri lakini hakijui wakati. Dalili yake ni kwamba kila jambo huenda sawa ukikizima na kukiwasha tena baada ya ruta kutulia. Kama kinakupa taabu hiyo mara kwa mara, nunua betri ndogo ya kuiwezesha ruta isizimike kamwe. Ni gharama ndogo kuliko kubadilisha vifaa vyote.

Na kuna kosa moja ambalo wengi hawalifikirii. Amri ya saa ni kama basi: likipita, limepita. Tuseme taa imeamriwa iwake saa 18:00, na umeme ukakatika tangu 17:50 hadi 18:20. Saa 18:00 hapakuwa na umeme wa kutii amri, na saa 18:20 amri haipo tena. Taa itabaki giza usiku mzima mpaka amri ya kesho, ingawa umeme upo, intaneti ipo, na saa ni sahihi. Tofauti hapa na taima ya duara ni kubwa: ile huchelewa, hii hukosa kabisa. Tiba ni kurudia amri ya kuwasha: 18:00, 18:30, 19:00, 20:00, na hata 22:00. Taa iliyokwisha kuwaka haidhuriki kwa kuambiwa iwake tena. Hakikisha tu kwamba umechagua neno la kuwasha, wala si lile la kubadilisha hali, maana hilo litaizima kila mara ya pili. Vifaa vingi pia vina mpangilio unaosema kifaa kiweje umeme urudipo: kizimike, kiwake, au kirudie hali iliyokuwapo. Kwa taa ya ua, chagua kiwake.

Zingatieni pia swichi ya ukutani. Balbu yenye akili iliyozimwa ukutani haina umeme, na isiyo na umeme haisikii amri ya mtu. Katika nyumba yenye wageni, funika swichi hiyo kwa utepe.

Fotoseli haina matatizo ya saa. Katika Rusizi jua huzama dakika chache kabla ya saa kumi na mbili jioni mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa kumi na mbili na dakika 25 katikati ya Februari, na fotoseli hufuata mabadiliko hayo bila kufundishwa. Lakini isipachikwe mahali inapoona mwanga wa taa yake yenyewe: taa itawaka, fotoseli itadhani kumekucha, itaizima, itaona giza, na mchezo utaendelea hadi asubuhi. Watu husema ni jini au ni mtu anayetoa ishara kwa wenzake wa ng'ambo. Ni fotoseli iliyogeuzwa vibaya. Igeuzie upande mwingine, ifute vumbi la kiangazi, na uijaribu mchana kwa kuifunika na kitambaa cheusi kwa dakika mbili tatu, kwa kuwa nyingi hungoja kidogo kabla ya kuwasha. Taa za sola zinazozimika saa tano usiku badala ya alfajiri mara nyingi hazina kosa la saa, bali betri iliyochoka au paneli iliyokosa jua katika miezi ya mvua.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mlinzi au mfanyakazi wa nyumbani ajieleze, fanyeni hivi kwa siku tatu. Andikeni katika daftari saa ambayo taa imewaka, saa ambayo imezimika, na kila mara umeme ulipokatika na kurudi. Zamu mwenyewe ndiye anayefaa zaidi kuandika, kwa kuwa yuko macho, na jirani mmoja aandike kwake pembeni ili daftari mbili zilinganishwe. Tofauti isiyobadilika huelekeza kwenye saa iliyopangwa vibaya. Tofauti inayoongezeka baada ya kila katizo huelekeza kwenye mota. Jioni moja nzima ya giza baada ya umeme kukatika karibu na magharibi huelekeza kwenye amri iliyopita. Na ikiwa taa huzimika kwa saa zisizo na mpango wowote, hakuna katizo la umeme lililoandikwa, na saa ya kifaa ni sahihi, hapo kweli kuna mkono wa mtu au waya uliolegea. Waya uachiwe fundi mwenye kibali; wala msiunganishe pasi au pampu ya maji kwenye taima ya taa bila kusoma ampea zilizoandikwa juu yake.

Mkono wa mtu si lazima uwe wa aliye ndani ya ua. Simu iliyouzwa au kupotea ikiwa bado na programu ya taa yako humpa aliyeiokota uwezo wa kuzima ua wako akiwa upande wowote wa mto. Badilisha neno la siri la kiwandani siku ya kwanza, futa programu kabla ya kuuza simu, na mfanyakazi aliyekuwa na ruhusa anapoacha kazi, iondoe ruhusa hiyo siku hiyohiyo. Anayesafiri kwa siku kadhaa amjulishe kiongozi wa isibo au wa mudugudu ili irondo ijue, kwa sababu taa inayowaka na kuzimika dakika ileile kila siku humdanganya mgeni tu, si mtu aliyekaa wiki moja akiitazama.

Mkiona mtu ndani ya ua usio wake, iwe taa inawaka au la, pigeni simu 112 wakati wowote, bila malipo. Mkishuku kwamba mfumo wenu umeingiliwa au kwamba taa ilizimwa ili kurahisisha wizi, toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda kwa namba 166. Njooni na daftari hilo, na kifaa chenyewe kikiwa hakijachomolewa wala kurekebishwa ikiwezekana, maana saa iliyomo ndani yake, hata ikiwa imekosea, itatuambia imekosea kwa kiasi gani na pengine tangu lini.